Nilimpigia kura mgeni, akaondoka na upanga

SWALI

Mshauri, salamu.

Mimi ni mponyaji, na ni mmoja wa viongozi watatu wa chama kimoja katika gemu ya mtandaoni ya wachezaji wengi. Tumeandikishana watu 32, lakini kikosi kinachoingia vitani ni cha watu 25: matanki 2 (wanaojitwika mapigo ya adui), waponyaji 5 na wapigaji 18. Tunaingia mara mbili kwa wiki, saa tatu kila usiku. Nyara, yaani vitu vinavyodondoka mabosi (maadui wakuu wa gemu) wakiuawa, zinagawanywa na baraza la watu watatu: kiongozi wa chama, msimamizi wa matanki na mimi. Hatuna pointi za mahudhurio za kulipia vitu, wala dadu. Kitu kikidondoka, wanaokitaka wanajiandika, sisi tunajadiliana pembeni dakika mbili tatu, kisha kiongozi anatangaza jina. Sababu hazitajwi na kura ni siri.

Bosi wa mwisho ana upanga ambao wapigaji watano wanaulilia. Uwezekano wa kuudondosha ni asilimia 5, na anauawa mara moja tu kwa wiki. Wiki 13 tulitoka mikono mitupu, hadi nikaanza kuamini kwamba seva inatubania makusudi. Wiki ya 14 ukadondoka.

Waliojiandika wakabaki wawili wenye uzito. Wa kwanza ni mkongwe wetu: katika mausiku 28 amehudhuria 26, huleta dawa za kikosi kizima, na hajawahi kununa. Wa pili ni mgeni aliyekuwa nasi wiki tatu tu, lakini anapiga kuliko mkongwe kwa kama asilimia 15. Programu ya kukokotoa mapigo ilionyesha upanga utamwongezea mgeni asilimia 4 na mkongwe asilimia 3. Msimamizi wa matanki alimtaka mkongwe, kiongozi akamtaka mgeni, kura ya mwisho ikawa yangu. Nikaona haki ni kutazama faida ya kikosi. Nikamchagua mgeni.

Baada ya siku tisa mgeni alihamia chama kingine chenye kasi zaidi. Upanga umefungwa kwa mhusika wake, haurudi. Ametutapeli mchana kweupe.

Mkongwe hajagomba. Anakuja kwa wakati, anapiga, anatoka. Ila chumba cha sauti haingii tena, na dawa haleti. Wengine wanne wameandika kwamba bila mfumo wa pointi hawaendelei. Mmoja amependekeza mnada kwa dhahabu ya gemu. Kiongozi amenikabidhi mimi niandike kanuni mpya, kwa kuwa eti mimi ni mtu wa haki.

Hapo ndipo ninapokwama. Nimehudhuria mausiku yote 28. Pointi zikihesabiwa tangu mwanzo, mimi ndiye wa kwanza kwenye orodha, na kuna fimbo ya uponyaji ninayoitamani ambayo haijadondoka bado. Anayeitaka pamoja nami ni mponyaji mwenzangu anayefanya kazi za zamu, kwa hiyo anaweza kuja usiku mmoja tu kwa wiki. Nikiandika pointi, nitaonekana nimejiandikia fimbo. Nikiacha baraza, hakuna anayeliamini. Na yule dada wa zamu, je, si haki naye apate nafasi sawa na wengine?

Mkongwe nimwambie kwamba kura ilikuwa yangu? Kiongozi amekataza. Na mfumo wa haki kabisa ni upi, kama upo?

Mponyaji wa safu ya nyuma

JIBU

Mponyaji, ndugu yangu,

Katika barua yako umelitumia neno haki kwa mambo matatu yasiyofanana. Kwa mkongwe, haki ni malipo ya jasho lililokwisha kumwagika. Ulipopiga kura, haki ilikuwa faida ya kikosi kesho. Kwa dada wa zamu, haki ni nafasi sawa, hata kwa asiyeweza kuja mara nyingi. Yote matatu ni ya kweli, na huo ndio ugumu wako. Mfumo unaolipa jasho utamwonea mgeni na mtu wa zamu. Unaotazama kesho utamwonea mkongwe. Dadu haimwonei mtu, lakini pia haimkumbuki mtu. Kwa hiyo kabla ya kunishika kwa lile swali la mfumo wa haki kabisa, chama chenu kina swali lake la kujibu: kati ya hayo matatu, lipi litangulie, na kwa nyara zipi?

Nianze na jambo dogo linalokukera bure, la seva kuwabania. Kwa uwezekano wa asilimia 5, nafasi ya kukaa wiki 13 bila kuuona upanga ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara 13, yaani kama asilimia 51. Vyama viwili vikianza pamoja, kimoja kingeweza kabisa kuwa kama nyinyi. Upande wa pili wa hesabu hiyo ndio mchungu: ili kufikia uhakika wa asilimia 90 wa kuuona angalau mara moja, mnahitaji kumuua bosi yule mara 45. Mara moja kwa wiki, hizo ni miezi zaidi ya kumi. Ndiyo maana ugawaji mmoja umewauma hivi. Na ndiyo maana nakuomba usije ukamwambia mkongwe "unaofuata ni wako." Huenda unaofuata usije mkiwa bado mnacheza.

Sasa tuiangalie sababu ya kura yako, kwa sababu ulipiga kwa nia njema na sidhani kama uliikokotoa hadi mwisho. Asilimia 4 ni ya mtu mmoja kati ya wapigaji 18. Tuseme kila mpigaji anachangia fungu moja, na mgeni fungu moja na 15 ya mia. Upanga mkononi mwake unaongeza kama robo ya asilimia moja kwenye kipigo cha kikosi. Pambano la dakika 6 linapungua kwa chini ya sekunde moja. Tofauti kati ya kumpa yeye na kumpa mkongwe ni kama theluthi ya sekunde. Mpigaji mmoja asipokuja kabisa, pambano hilohilo linarefuka kwa sekunde 21 hivi. Kwa faida ya kikosi, basi, mausiku 26 ya mkongwe yana uzito kuliko upanga wowote.

Hesabu hii si ya kila kitu, na usiibebe kama rungu. Ngao ya tanki inaweza kuamua kama kikosi kinabaki hai au kinaanguka dakika ya pili. Mkiwa mnapambana na bosi mwenye kikomo cha muda na mnashindwa akiwa amebakiza asilimia 1, hata vipande vya sekunde vina maana. Lakini bosi huyu mlikuwa mnamuua kila wiki.

Kuhusu mgeni, umesema amewatapeli. Inawezekana. Lakini nitajie kanuni aliyoivunja. Hamkuwa na kipindi cha majaribio, hamkumwambia kwamba kitu kikubwa ni ahadi ya kubaki, na baraza lenyewe ndilo lililomwita jina. Aliyoyavunja ni matarajio ambayo hakuna aliyeyatamka. Nasema hivi kwa sababu ukiandika kanuni ukiwa na hasira naye, utaandika kanuni za kuwazuia wageni wote, na chama cha watu 32 kinachohitaji 25 kila usiku hakiwezi kuishi bila wageni.

Tuje kwenye pointi, maana ndizo zinazodaiwa. Si jambo jipya: zilianzia kwenye gemu ya EverQuest mwaka 1999, zikaitwa pointi za kuua majoka, na tangu wakati huo kila kizazi cha wachezaji kinagundua upya kasoro zilezile. Kasoro kubwa ni mrundikano. Mkitoa pointi 5 kwa usiku, mtu wa kila siku anapata 10 kwa wiki. Baada ya wiki 30 ana 300, na mgeni anayeingia siku hiyo hatamfikia kamwe kama huyo wa kwanza hanunui kitu. Watu wanaanza kuzikalia pointi wakisubiri upanga, na vitu vya kati ambavyo vingewasaidia leo vinavunjwavunjwa kwa kukosa mwenyewe.

Dawa yake ni mmomonyoko. Kila wiki kata asilimia 10 ya pointi za kila mtu, kisha ongeza za wiki hiyo. Mwenye kupata 10 kwa wiki hataweza kuvuka 100 hata akikaa miaka, na mgeni mwenye bidii hufika karibu nusu ya kilele hicho kwa wiki 7. Mkongwe bado yuko mbele, ila mlango haujafungwa. Angalia tu kiwango: asilimia 25 kwa wiki inafuta jasho la mtu haraka mno, na mtu akisafiri wiki tatu anarudi kapoteza zaidi ya nusu. Wengi hulalamikia mmomonyoko kwa sababu wanaona namba yao ikishuka. Waeleze kabla kwamba nafasi yao kwenye orodha haibadiliki kwa hilo, kwani wote wanakatwa kwa kiasi kilekile.

Bei nayo ina mitego. Mkiruhusu watu kushindana kwa dau, wale wapigaji watano wanaweza kukubaliana kimyakimya wasipandishiane, na upanga ukaenda kwa pointi 1. Bei maalumu iliyoandikwa mapema, mfano 60 kwa silaha, 30 kwa vazi la mwili na 15 kwa pete, inaua mchezo huo. Hasara yake ni kwamba mtu atabishana nawe kuhusu kila bei. Abishane sasa. Kitu kikishadondoka, mjadala umefungwa.

Kuna mfumo wa uwiano, ambao hugawanya pointi za juhudi kwa pointi za vitu ulivyokwisha kupokea. Unavutia, lakini usiuwashe bila kuweka kianzio. Mtu mwenye juhudi 400 na vitu 200 ana uwiano wa 2. Mgeni mwenye juhudi 150 na vitu 50 ana 3, na anampita. Mkimwekea kila mtu kianzio cha vitu 100, wa kwanza anakuwa na 1.33 na mgeni 1. Orodha imegeuka kwa namba moja tu! Anayechagua namba hiyo ndiye anayegawa nyara, hata kama hakai kwenye baraza.

Mfumo wa foleni, ambapo anayechukua kitu anarudi mkiani, ni mwepesi wa kuendesha. Ubaya wake ni kwamba walio mbele hukataa vitu vidogo wasije wakapoteza nafasi.

Mfumo wa oda nao ni mzuri kuliko unavyosifiwa. Kabla ya kuingia, kila mtu anaandika vitu viwili anavyovitaka usiku huo, orodha inafungwa na kila mmoja anaiona. Kitu kikidondoka, walioweka oda pekee ndio wanaorusha dadu. Dada wa zamu ana nafasi kamili kila anapokuja. Mkongwe je? Kwa dadu tupu, wapigaji watano wakioda upanga, yeye ana nafasi moja katika tano, awe amekuja mara 26 au mara 2. Vyama vingine humwongezea mtu 10 kwenye dadu ya mia kwa kila wiki aliyoweka oda ya kitu hichohicho na kukikosa. Hapo bahati inaanza kukumbuka. Anayesimamia awe makini kuandika nyongeza hizo usiku uleule, maana kesho yake kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake.

Mnada wa dhahabu ningeuogopa. Huwapa watu sababu ya kununua dhahabu kwa fedha halisi, na ndani ya chama huwafanya matajiri wa gemu kuwa wenye nyara. Mwaka 2024 kampuni ya Blizzard iliupiga marufuku kwenye seva za Season of Discovery za gemu yake ya World of Warcraft Classic. Angalia kanuni za gemu yenu kabla hata ya kuujadili.

Usijilaumu kwa kukosa jibu la mwisho. Watengenezaji wa World of Warcraft wenyewe waliondoa ugawaji wa kiongozi mwaka 2018, wakamfanya kila mchezaji apewe chake na mashine. Malalamiko ya baraza yakapungua, yakaja mapya: watu walipata vitu wasivyovihitaji na mara nyingi mashine haikuwaruhusu kuvitoa kwa wenzao. Mwaka 2022 kugombea nyara kwa dadu kukarudi kwenye mapambano makubwa. Gemu ya Final Fantasy XIV imechukua njia nyingine, ambapo katika mapambano yake magumu kila anayemuua bosi hupata pia kitabu kimoja kwa wiki, na vitabu vikitosha hubadilishwa kwa kitu. Bahati mbaya inapewa ukomo. Nyinyi hamwezi kubadilisha gemu yenu, ila mnaweza kuiga wazo hilo kwa nyongeza za dadu nilizozitaja.

Tukija kwako na fimbo, wasiwasi wako ni wa heshima, na una msingi. Lakini sioni kama mfumo wa pointi wenyewe ndio unaokunufaisha. Kinachokunufaisha ni tarehe ya kuanzia. Mkihesabu tangu mwanzo kwa mmomonyoko wa asilimia 10, wewe una 77 na dada wa zamu ana 39 hivi. Fimbo ikidondoka unailipia 60, unabaki na 17, na kitu kinachofuata yeye yuko mbele yako. Mkianza sifuri wote, wewe unapoteza, lakini mkongwe naye anapoteza, na yeye ndiye aliyeumia. Mnaweza kuhesabu nyuma kwa nusu. Mnaweza kuhesabu wiki nne za mwisho tu. Hakuna tarehe isiyompendelea mtu, kwa hiyo swali ni nani aichague. Ukiniuliza, kanuni andika wewe kwa kuwa unazijua, ila tarehe na bei ya fimbo zipigiwe kura na kikosi wewe ukiwa nje ya kura hiyo, na uwaambie wazi kwa nini. Sentensi moja inatosha: "Naitaka fimbo, kwa hiyo hapa sipigi kura."

Na huyo dada, umemuuliza? Umemwonea huruma barua nzima bila kunieleza anavyotaka yeye. Huenda anaona nusu ya mausiku ni nusu ya nyara na hana neno. Huenda pia amekuwa akisubiri mtu amuulize.

Chama kikiamua kubaki na baraza, lisibaki lilivyo. Mjumbe anayekitaka kitu anatoka na nafasi yake inachukuliwa na mwanachama mwingine. Jina linatangazwa pamoja na sababu ya sentensi moja. Mgeni hapati silaha kubwa katika mausiku 8 ya kwanza, isipokuwa hakuna mwingine anayeitaka. Na kila kilichogawanywa kinaandikwa kwenye jedwali ambalo wote 32 wanaliona. Hatari itakayobaki ni uvivu: baada ya mwezi sababu zitakuwa fupi, kisha zitakoma. Mpeni mtu mmoja asiye kiongozi kazi ya kulitunza jedwali.

Suala la mkongwe nimelichelewesha kwa sababu ndilo gumu. Kiongozi amekataza kura zitajwe. Ukitaja yako, nyinyi ni watatu tu, na mtu yeyote aliyeambiwa kwamba matokeo yalikuwa wawili kwa mmoja ataanza kukisia za wenzako. Ukinyamaza, yeye anaendelea kufikiri kwamba baraza zima lilimwona si kitu, jambo ambalo si kweli. Njia mojawapo ni kurudi kwa kiongozi kwanza na kumwomba ruhusa ya kueleza sababu bila majina. Nyingine ni kumtafuta mkongwe faraghani na kumwambia kwamba baraza, nawe ukiwemo, lilipima vibaya mahudhurio yake, na kumwonyesha ile hesabu ya sekunde 21. Hapo husemi kura, lakini husemi uongo. Yaweza kutokea akuulize moja kwa moja, "Wewe ulimchagua nani?" Amua jibu lako kabla ya kumwandikia, maana hapo ndipo utakaposimama kati ya utii kwa kiongozi na ukweli kwa rafiki, na siwezi kukusimamia.

Usimpelekee zawadi wala pointi za pole kimyakimya. Kama chama kinaona alipwe, na kipige kura hadharani, kwa sababu fidia ya siri ni kasoro ileile ya kura ya siri, ila safari hii inaelekea upande unaoupenda. Na msimdai arudishe dawa. Alikuwa akizileta kwa hiari. Ziandikeni kwenye kanuni mpya kama juhudi yenye pointi zake, mfano pointi 1 kwa kila usiku kwa yeyote anayezileta, halafu mwone kama atazileta tena.

Wiki hii, kabla ya kuandika kanuni yoyote, tuma ujumbe mmoja kwa dada wa zamu na mwingine kwa kiongozi. Huyo wa kwanza muulize anataka nini. Huyo wa pili muulize kama yuko tayari sababu zitajwe hata siku ambayo kitu kitakwenda kwake. Akikataa, basi uandike pointi, oda au foleni, utakuwa umebadilisha jedwali tu, na ni heri ulijue hilo kabla hujaketi kuandika.